Je, mabao 10 humaliza mechi ya shule?

Wengi tumekua tukiamini kwamba timu ya sekondari ikichapwa 10 bila, refa hupuliza kipyenga mechi ikaishia hapo. Sheria 17 za soka hazina kifungu hicho. Idadi inayozuia mechi kuendelea ni ya wachezaji: timu ikibaki na chini ya 7. Ila mashindano ya vijana yanaweza kuwa na kanuni zake. Kwa sekondari za Marekani, baadhi ya majimbo huzima mechi pale tofauti ya mabao inapozidi kiwango. Mwombe mwalimu wa michezo kanuni za mashindano yenu, usome mwenyewe.

Pasipo na kanuni hiyo, kocha anayeongoza bado anaweza kumrudisha mshambuliaji wake beki na kuwaingiza wa benchi. Kipa anayeokota mpira wavuni mara ya tisa huliona hilo.