Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Vikundi vya Matembezi

Wapo watu wengi ambao wangefurahia kutembea mashambani na milimani pamoja na wenzao, lakini hawajawahi kujiunga na kikundi chochote. Ukiwauliza sababu, utagundua kwamba kinachowazuia si miguu bali ni mambo waliyoyasikia au kuyawazia. Baadhi ya mambo hayo hayana msingi hata kidogo, mengine yana chembe ya ukweli iliyopotoshwa, na yapo yaliyo ya hatari kwa sababu humfanya mtu aondoke nyumbani akiwa na utulivu ambao hajauandalia chochote. Nitakawia zaidi kwenye dhana ya kwanza, kwa kuwa ndiyo inayowaacha wengi nje.

“Nitawachelewesha wenzangu, ngoja kwanza nifanye mazoezi”

Anayesema hivi huona kikundi cha matembezi kama mashindano ya mbio yaliyopunguzwa kasi, ilhali kikundi kinachoongozwa vizuri huenda kwa mwendo wa yule aliye wa polepole zaidi. Huo si ukarimu tu, bali ni utaratibu wa usalama: msafara ukikatika katikati unakuwa misafara miwili, na mmoja kati ya hiyo miwili hauna kiongozi. Ndiyo maana kiongozi hutangulia na mtu mwingine mzoefu akafunga msafara nyuma, naye huyo wa nyuma hampiti mtu yeyote, hata kama aliye mbele yake ameinama dakika tatu nzima kufunga kamba za viatu. Kwenye kila njia panda, waliotangulia husimama mpaka wa mwisho aonekane, kisha kiongozi huhesabu vichwa ndipo safari iendelee.

Kinachomchosha mgeni mara nyingi si umbali bali ni kuanza kwa kasi isiyo yake, akiona aibu kubaki nyuma. Kuna kipimo kisichohitaji kifaa chochote: katika mwendo wa wastani mtu anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. Ukijikuta unakatiza sentensi ili upate pumzi, na bado ni dakika kumi za kwanza, punguza mwendo wala usiombe radhi.

Lipo hata hivyo jambo moja ambalo walio na wasiwasi huu wana haki ya kulilalamikia, nalo ni mapumziko ya uongo. Wenye kasi hufika kilele cha kilima, huvua mabegi, hunywa maji, hupiga picha, na mara tu yule wa mwisho anapotokea akihema wao husimama na kusema, “Haya, twende.” Waliopumzika ni wale ambao hawakuhitaji kupumzika, na aliyehitaji hajapata hata nafasi ya kufungua chupa. Mimi hukipima kikundi kwa jambo hilo kuliko kwa uzuri wa picha zake. Kiongozi anayejua kazi yake huanza kuhesabu dakika za mapumziko pale mtu wa mwisho anapokaa chini. Ukihudhuria mara ya kwanza, liangalie hilo, na usipoliona tafuta kikundi kingine bila kujilaumu.

Kuhusu kujiandaa kwanza, maandalizi bora ya kutembea ni kutembea. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima afanye shughuli ya mwili ya kiwango cha wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na matembezi ya asubuhi moja na kikundi yanaweza kufikia kiasi hicho cha chini kwa mkupuo mmoja. Ile hesabu ya hatua 10,000 kwa siku, ambayo wengi huihesabu kama masharti ya daktari, haikutoka hospitalini: ilipata umaarufu Japani mnamo 1965, kwa jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa wakati huo. Mwenye ugonjwa wa moyo, presha isiyotulia au magoti yaliyowahi kufanyiwa upasuaji ashauriane na daktari wake, na amweleze kiongozi kabla ya kuondoka badala ya kumweleza nusu ya njia. Wengine waanze na matembezi mafupi yatakayotangazwa.

“Kilomita nane ni kilomita nane tu”

Mgeni husoma tangazo, huona umbali, hujiambia kwamba umbali huo huutembea mjini bila shida, na jioni hurudi akichechemea. Umbali peke yake hausemi mengi. Mnamo 1892 Mskoti mmoja aliyeitwa William Naismith alitoa kanuni ambayo watembeaji bado wanaitumia: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5 hivi, kisha uongeze saa nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa hesabu hiyo kilomita 10 za tambarare ni saa mbili, lakini kilomita 10 hizo hizo zikiwa na mpando wa mita 600 ni saa tatu, na hapo hujaweka mapumziko, matope, wala kundi la watu kumi na wanane wanaopita mmoja mmoja juu ya gogo la kuvukia kijito. Kwa hiyo swali la kumwuliza kiongozi si “Ni kilomita ngapi?” pekee, bali pia “Tunapanda kiasi gani, na ardhi ikoje?”

Pamoja na hilo kuna imani kwamba kushuka ni kupumzika. Mapafu hupumzika, ni kweli, lakini mapaja hayapumziki. Wakati wa kushuka misuli ya mbele ya paja hufanya kazi ya breki, ikivutika huku ikikaza, na kazi ya namna hiyo ndiyo huleta yale maumivu yanayotokea kesho yake na kukolea kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Fupisha hatua, kunja magoti kidogo, na kama una fimbo mbili za kutembelea zitumie hapo zaidi kuliko mahali pengine popote. Kaza pia kamba za kiatu juu ya mguu kabla ya mteremko kuanza, maana kiatu kilicholegea huusukuma mguu mbele mpaka kucha zigonge ncha yake, na kucha ya kidole gumba iliyogongwa kwa saa mbili huwa nyeusi.

“Huwezi kwenda bila vifaa vya bei kubwa”

Kwa matembezi ya siku moja katika njia zinazopitika, viatu vyenye soli isiyoteleza ambavyo mguu wako umevizoea vinatosha. Neno la kutilia mkazo ni hilo la kuzoea. Mimi nilikwenda safari yangu ya kwanza na buti mpya kabisa zilizotolewa kwenye boksi usiku wa kuamkia siku hiyo, na kabla ya saa ya pili nilikuwa nahisi joto la ajabu kwenye kisigino cha kushoto. Nilinyamaza kwa sababu sikutaka kusimamisha watu. Joto lile ndilo lilikuwa onyo: ngozi iliyolowa jasho ilikuwa ikisuguliwa na kiatu, na baadaye ikajaa lengelenge la upana wa sarafu, likapasuka, na mwishowe nikasimamisha watu kwa muda mrefu zaidi kuliko ambavyo ningewasimamisha mwanzo. Mara unapohisi joto la namna hiyo, sema, vua kiatu, kausha mguu, bandika plasta, na ubadilishe soksi kama unazo nyingine. Hakuna kiongozi mwenye akili atakayekasirishwa na dakika tano za namna hiyo.

Kinachostahili kufikiriwa kuliko viatu ni nguo. Suruali ya jinzi na fulana ya pamba hunyonya maji, huchelewa kukauka, na zikilowa humpoza mtu haraka, jambo lisilo na uzito bondeni lakini lenye uzito mkubwa juu, kwa sababu hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 za selsiasi kwa kila mita 1,000 za kwenda juu, na upepo hufanya baridi hiyo ihisiwe kali zaidi. Nguo nyepesi inayokauka upesi, sweta moja, na koti la kuzuia mvua hata kama asubuhi mbingu ni nyeupe, vinatosha. Vikundi vingi vina wanachama wenye fimbo na mabegi ya ziada ya kuazimisha, kwa hiyo uliza kabla ya kununua.

“Tukiwa wengi tuko salama, na mengine anayajua kiongozi”

Hii ndiyo dhana ninayoiogopa kuliko zote. Wingi wa watu husaidia pale ambapo kila mmoja ana maji yake, chakula chake, nguo zake na dawa zake, na anajua kwa ujumla msafara unakoelekea. Bila hivyo, watu ishirini waliopotea ni shida mara ishirini. Tena kundi lina udhaifu wake. Mtu anayeona mawingu yakikusanyika, au anayehisi kwamba njia waliyoshika siyo, hunyamaza kwa kuwa wengine wote wametulia, naye kila mmoja wa hao wengine ametulia kwa sababu hiyo hiyo. Usemi wa wengi wape hauna kazi mbele ya ngurumo za radi. Kiongozi akisema tunageuka, tunageuka, hata kama kilele kinaonekana na watu wote wamelipia usafiri. Na mwanachama akiwa na shaka, anaitamka.

Kutengana na kundi hutokea katika mambo madogo sana, hasa mtu anapoingia kichakani kujisaidia. Watembeaji wazoefu humwambia anayefunga msafara, kisha huacha begi kando ya njia mahali linapoonekana, ili yeyote atakayepita ajue kwamba mwenye begi yuko karibu. Ukijikuta umepotea, kaa ulipo na utumie filimbi: ishara ya kimataifa ya kuomba msaada milimani ni milio sita ndani ya dakika moja, kisha dakika moja ya kimya, kisha milio sita tena, na jibu ni milio mitatu kwa dakika. Filimbi haiishiwi pumzi kama koo la mtu anayepiga kelele.

Simu nayo ina waumini wa aina mbili, na wote wamekosea. Wa kwanza husema kwamba pasipo na mtandao simu haina faida, ilhali simu hupokea mawimbi ya satelaiti na kukuonyesha ulipo hata bila mtandao, mradi uliipakua ramani ukiwa nyumbani. Wa pili huitegemea simu peke yake, wakisahau kwamba ikikosa mtandao huendelea kuutafuta na kumaliza chaji, na kwamba baridi hudhoofisha betri. Ramani ya karatasi na dira, pamoja na mtu anayejua kuzitumia, havijapitwa na wakati.

Kuhusu maji, ushauri wa kunywa kadiri uwezavyo si sahihi pia. Anayekunywa maji mengi kuliko anayopoteza kwa saa nyingi hupunguza kiwango cha chumvi katika damu, na hali hiyo ikizidi huleta kichefuchefu, kuchanganyikiwa na hata kifo. Kunywa ukiwa na kiu, kidogo kidogo, na ule kitu chenye chumvi njiani.

“Ganda la tunda si takataka”

Ganda la ndizi au la chungwa lililotupwa kando ya njia huweza kukaa miezi mingi kabla ya kuoza, hasa kwenye baridi au ukame, na huwazoesha wanyama kufuata watu. Kilichoingia na begi kinatoka na begi. Vivyo hivyo, njia inayopita katika shamba la mtu ni ruhusa ya kupita, si ruhusa ya kutawanyika: msafara hupita kwa mstari mmoja pembeni mwa mazao, na geti huachwa kama lilivyokutwa, maana geti lililofungwa kwa nia njema linaweza kuwazuia mifugo wasifike kwenye maji.

“Safari ya wikendi ni matembezi ya siku moja mara mbili”

Siku ya pili huanza na miguu ya siku ya kwanza, begi lina uzito wa nguo na vya kulalia, na watu walioelewana vizuri kwa saa nne sasa wanalala chumba kimoja, mmoja akikoroma. Fanya matembezi kadhaa ya siku moja na kikundi hicho hicho kabla ya kujiandikisha, na angalau mara moja ubebe begi lenye uzito utakaoubeba. Zaidi ya hapo, magomvi mengi ya safari za wikendi ninayoyafahamu hayakutokana na milima bali na fedha. Kabla ya kulipa, taka maelezo ya maandishi kuhusu mambo manne: ada inagharimia nini na haigharimii nini, nani ana bima na ya nini, anayejitoa siku mbili kabla anarudishiwa kiasi gani, na wanaopanda gari la mwanachama wanachangia mafuta vipi. Mweka hazina mzuri hukutumia maelezo hayo kabla hujayauliza.