Sabuni huja watu wakishashiba

Kaa kwenye kibanda chochote cha mama lishe sokoni Mbuyuni, hapa Moshi, saa saba mchana, kisha acha kutazama chakula, tazama mikono. Mteja anaagiza ugali na samaki. Binti anamjia na jagi la maji ya uvuguvugu mkono mmoja, beseni mkono wa pili. Anamimina kidogo, mteja anakutanisha viganja mara mbili, anakung'uta, anaanza kumega. Akimaliza kula, binti anarudi na jagi lile lile, ila safari hii ameshika na kipande cha sabuni ya mche. Hapo ndipo mteja anasugua kwelikweli: viganja, vidole, hadi kucha, kwa kuwa hataki kurudi dukani kwake akinuka samaki.

Mimi ni afisa afya mazingira. Mtaani wananiita bibi afya, na nimeifanya kazi hii miaka 17. Huwa naumia nikisikia matangazo yanayotuambia tunawe mikono kana kwamba hatunawi. Kwetu mtu hagusi chakula bila kunawa, na mgeni asiponawishwa, anayeaibika ni mwenyeji. Bibi zetu walikuwa wakinawa kabla redio haijatuletea kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973. Tatizo letu ni jingine kabisa: sabuni tumeiweka upande usio wake wa mlo. Inakuja watu wakishashiba, wakati kilichokuwa mikononi kimeshaingia tumboni pamoja na tonge.

Sababu yake naijua, ni pua. Usafi tunaupima kwa harufu, na samaki ananuka.

Wala pua si ya kudharau. Mwaka 1847, mjini Vienna nchini Austria, daktari Ignaz Semmelweis aliongozwa na pua hiyo hiyo. Hospitali aliyofanyia kazi ilikuwa na wodi mbili za wazazi, moja ya madaktari na wanafunzi wao, nyingine ya wakunga. Homa ya uzazi iliua zaidi kwa madaktari, na hao ndio waliokuwa wakitoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kuwapima wazazi. Walikuwa wananawa, lakini harufu ya maiti ilibaki mikononi. Semmelweis akaamuru kila anayeingia wodini anawe kwa maji ya chokaa yenye klorini, akiichagua klorini kwa kuwa iliiondoa harufu ile. Aprili mwaka huo, kati ya kila wazazi 100 katika wodi ya madaktari walikufa zaidi ya 18. Julai walikufa chini ya 2. Habari za bakteria hakuwa nazo, ila kwa bahati kilichonuka na kilichoua vilikwenda pamoja.

Sisi pua inatudanganya. Mtu akitoka chooni akajimwagia maji kidogo, mkono haunuki kitu. Akimbadilisha mtoto nepi akasuuza vidole, haunuki. Kumbe vijidudu vya kuhara damu, vile vinavyoitwa Shigella, havihitaji kuwa vingi ili vikulaze: hata 10 mpaka 100 vinatosha. Idadi hiyo inaenea chini ya ukucha mmoja na nafasi inabaki, na pua haiwezi kuisikia wala jicho kuiona.

Na tuseme wazi jambo ambalo mezani hatulisemi. Wengi wetu tunachamba kwa maji, kwa mkono wa kushoto, kisha tunajiaminisha kwamba mkono wa kulia uko salama kwa sababu ndio wa kulia chakula. Lakini kunawa ni mikono miwili kukutana. Ikikutana kwa maji matupu, wa kushoto unagawia wa kulia.

Kwa nini maji matupu hayatoshi? Nikienda kuwafundisha akina mama lishe sibebi mabango. Naomba sufuria iliyopikiwa kuni, nakwangua masizi ya chini, nachanganya na kijiko cha mafuta ya alizeti, kila mmoja anajipaka mikono yote. Raundi ya kwanza ni maji tu. Maji yanakimbia juu ya ngozi kama mvua juu ya jani la mgomba, matone yanateleza, weusi unabaki pale pale. Raundi ya pili naleta sabuni, na povu jeupe linageuka la kijivu, kisha jeusi, mbele ya macho yao.

Ngozi yenyewe ina mafuta hata kabla ya kupakwa ya alizeti, na vijidudu vimekaa humo. Kila chembe ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Mkia unashika mafuta, kichwa kinashika maji, na ukisugua, mafuta yanang'oka na kila kilichojificha ndani yake. Virusi kama vya mafua na korona vimevaa koti la mafuta, kwa hiyo sabuni inalichana koti na kirusi kinakufa. Vingine, kama rota inayoharisha watoto wadogo, havina koti. Hivyo haviuawi kirahisi, vinang'olewa kwa kusugua na kuchukuliwa na maji. Ndiyo maana nasisitiza kusugua. Sabuni iliyopakwa ikasuuzwa hapo hapo ni sabuni iliyopotea. Nawaambia akina mama: Baba Yetu mmoja, usio wa haraka, kuanzia povu linapotoka. Hiyo inazidi sekunde 20, na inatosha.

Baada ya raundi ya pili nawaambia watazame masizi yamebaki wapi. Karibu kila mara ni kwenye kidole gumba, ncha za vidole, katikati ya vidole, na chini ya pete. Yaani tunasugua pasipogusa chakula na kuacha panapomega tonge! Mtu mmoja tu amewahi kunitoa jasho katika jaribio hili, mzee mmoja wa Pasua aliyekuwa amemsindikiza mkewe. Alichomeka vidole vya mkono huu katikati ya vya mkono ule, akazungusha gumba, akasuuza mara tatu, mikono ikatoka safi. Nikamuuliza amefundishwa na nani. Akacheka, akasema, "Mwanangu, natia udhu mara tano kwa siku tangu utoto." Tangu siku ile nikiwa na kundi lenye Waislamu naanzia hapo: mjongeo mnao tayari, ongezeni sabuni tu.

Sasa turudi kwa mama lishe, maana ndiko nilikojifunza zaidi. Miaka michache iliyopita nilimwomba mama mmoja pale sokoni, tuliyezoeana, asogeze sabuni ije na jagi la kwanza. Akakubali. Wiki ya pili akaniita pembeni. "Bibi afya, wateja wananikimbia. Wanasema ugali unanuka sabuni."

Nilikaa mezani kwake nikaonja mwenyewe. Ni kweli, ulinuka. Binti alikuwa anatumia sabuni ya maji ya dumu, yenye manukato makali ya waridi, na maji ya kusuuza alimimina kijiko. Miaka yote nilikuwa nawalaumu watu kwa uzembe, kumbe walikuwa na sababu ya msingi: hakuna anayetaka kula waridi na dagaa. Tukabadilisha vitu viwili. Sabuni ikawa ya mche, ile isiyo na manukato. Na maji ya kusuuza yakaongezwa mpaka mikono iache kuteleza. Nilipima kwa chupa: nusu lita inamtosha mtu mmoja vizuri, mradi maji yakatishwe wakati anasugua. Wateja wakarudi.

Shida iliyofuata ni kwamba sabuni ya mche inatoweka. Anachukua mteja, anachukua kunguru, inayeyuka kwenye kisahani chenye maji. Dawa yake ni maji ya sabuni. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, tia sabuni ya unga gramu 30, jaza maji, tikisa. Toboa kifuniko kwa msumari wa moto. Ukibinya, inatoka kidogo kidogo, na hakuna anayeiba chupa ya maji ya sabuni. Chagua unga usio na harufu kali. Hesabu ya gharama mfanye wenyewe, mtaona pakiti moja inakwenda siku nyingi.

Msiingie gharama ya sabuni zilizoandikwa kwamba zinaua bakteria. Utafiti uliofanyika kwenye mitaa duni ya Karachi, Pakistan, ukachapishwa mwaka 2005, ulizipa kaya sabuni na kuzihimiza kunawa. Nimonia kwa watoto wa chini ya miaka 5 ilipungua kwa nusu, kuhara kwa watoto wa chini ya miaka 15 kukapungua kwa asilimia 53, na sabuni ya kawaida ikafanya kazi sawasawa na ile ya kuua bakteria. Kinachonigusa hapo ni nimonia. Tumezoea kufikiri mikono inaleta kuhara tu, kumbe mkono ndio unaobeba kikohozi kutoka pua ya huyu hadi jicho la yule.

Vitakasa mikono viko sawa ukiwa ndani ya daladala na maji hakuna, mradi viwe na alkoholi asilimia 60 au zaidi. Mikono yenye mafuta au udongo haviisaidii. Na kukausha: mikono mibichi inaokota na kugawa vijidudu kuliko mikavu, kwa hiyo kung'uta, acha ikauke kwa upepo. Kanga uliyomfutia mtoto pua iache kiunoni.

Kwa wenzetu wa nyama choma, huku na kule Arusha kwa Mrombo, nina neno moja. Nyama inapita motoni, kachumbari haipiti popote. Anayekata nyanya na vitunguu ndiye awe na sabuni karibu kuliko wote, na asiwe ndiye anayepokea noti.

Mwezi Machi 2020 mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alipotangazwa, na akawa wa kwetu huku Kaskazini, Arusha, ndoo za koki zilichipuka kila mlango ndani ya siku chache. Stendi, benki, kanisani, msikitini, duka la Mangi. Nilifurahi mno. Leo nyingi zimehamia jikoni kuhifadhi maji, nyingine zimebaki zimekauka, koki zikiwa na utando wa buibui. Nikipita huwa nabisha hodi na kuuliza. Jibu la kawaida ni, "Si ugonjwa umeisha?" Kipindupindu na kuhara havijasikia tangazo hilo.

Desemba, Moshi inajaa, kila ukoo unarudi migombani. Mwaka fulani tulikuwa kwa wakwe zangu, Kibosho, watu zaidi ya 40, ndafu mezani. Beseni moja likazunguka, bila jagi: wazee kwanza kwa heshima, kisha akina baba, kisha sisi, watoto mwisho. Kila mtu anatumbukiza mikono. Mbele yangu alikuwa wifi aliyetoka kumbadilisha mwanawe nepi, akasuuza vidole mle mle, nami nikafuata. Nilijua ninachokiona. Nikanyamaza, kwa sababu pale nilikuwa mke wa kijana wao, si bibi afya, na nani aanze kuwafundisha wakwe kunawa? Siku ya tatu watoto wanne walikuwa wanahara. Mdogo wao, wa miezi 14, tulikimbia naye zahanati saa nane usiku, macho yamezama, analia bila machozi. Alipona. Lakini ukimya wangu wa siku ile bado ninao.

Mwaka uliofuata nilifika siku mbili kabla ya wageni, nikamwendea mama mkwe jikoni akimenya ndizi za mtori. Sikumwambia habari za vijidudu. Nilimwambia, "Mama, mwaka huu naomba mimi ndiye nimnawishe baba." Kunawisha wazee ni heshima, hakunikatalia. Nikasimama na jagi na chupa yangu ya maji ya sabuni, nikaanza na mzee, nikambinyia kiganjani, nikamsubiri asugue, nikammiminia mpaka mikono ikaacha kuteleza. Mzee alipofanyiwa hivyo hakuna aliyetaka kufanyiwa pungufu. Beseni lilibaki chini, kupokea maji machafu tu.

Sasa kule nyumbani chupa zinaning'inia tatu: mlango wa choo, jikoni, na kwenye nguzo ya kibanda cha kulia. Wiki iliyopita mama mkwe alinipigia. Ile ya jikoni tundu limepanuka, inamwaga sabuni nyingi mno. Nitampelekea vifuniko vipya, na msumari mwembamba zaidi.