Undugu wa miji: maana yake pale mataifa yanapofarakana

Undugu wa miji ni mapatano ya kudumu kati ya serikali mbili za mitaa zilizo katika nchi tofauti, yanayoandikwa na kutiwa saini na viongozi wa miji hiyo, ili wakazi wake watembeleane, wafundishane, wafanye biashara na wasaidiane wakati wa shida bila kungoja kutumwa na serikali kuu. Miji iliyofunga mapatano hayo huitwa miji dada, na wengine huiita miji pacha. Hapa Kisumu jambo hili si geni, kwa kuwa jiji letu lina undugu wa aina hiyo na miji ya Boulder na Roanoke nchini Marekani. Lakini Marekani ni nchi ambayo Kenya haijavunja nayo uhusiano wa kibalozi, na nadhani ndiyo sababu wengi wetu tumezoea kuyaona mapatano haya kama sherehe za kupokea wageni, kupeana zawadi na kupanda mti. Uzito wa dhana yenyewe huonekana pale miji miwili inapofunga undugu ilhali mataifa yake hayasemezani.

Mataifa yaliyofarakana si lazima yawe vitani. Yanaweza kuwa yamefunga mpaka, yamewaita mabalozi wao nyumbani au yamenyimana viza, hata raia wa upande mmoja akawa anamjua mwenzake wa upande wa pili kwa yale tu anayoyasikia redioni. Sisi tunaoishi kando ya Ziwa Victoria tumepitia hali hiyo. Mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na mpaka huo haukufunguliwa tena hadi mwaka 1983. Meli za ziwani zilizokuwa mali ya pamoja ziligawanywa. Hata zile mbili za kubeba mabehewa ya reli, zilizoundwa kwa mchoro mmoja na kupewa majina Uhuru na Umoja, zilitenganishwa, Uhuru ikabaki Kenya na Umoja ikaenda Tanzania. Upande wa Uganda, Idi Amin alikuwa amedai mwaka 1976 kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ni ya nchi yake, na mwezi Desemba 1987 vikosi vya nchi hizi mbili vilifyatuliana risasi mpakani Busia. Kwa mtu aliyekuwa na shangazi ng'ambo ya mpaka, habari zote za mabalozi zilikuja kuwa swali moja: je, nitavuka kwenda matangani, au sitavuka?

Kiswahili kina namna ya kuieleza dhana hii inayofaa zaidi, kwa maoni yangu, kuliko neno dada. Wazee walitofautisha undugu wa kuzaliwa na undugu wa kuchanjiana. Katika undugu huu wa pili, watu wawili wasio wa ukoo mmoja walichanjwa chale, kila mmoja akaonja damu ya mwenzake, na tangu siku hiyo wakawa na haki na wajibu kama waliozaliwa tumbo moja. Viongozi wa misafara ya biashara waliutumia undugu huo kupita katika nchi za watawala ambao vinginevyo wangewazuia. Warusi nao huiita miji ya namna hii kwa neno lenye maana ya ndugu wa kiapo, na hilo liko karibu sana na kuchanjiana kwetu. Wachina husema miji ya urafiki. Kwa majirani zetu wa Tanzania upo pia utani, ambao baadhi yake ulizaliwa vitani: Wangoni na makabila waliyopigana nayo walikuja kuwa watani, wenye ruhusa ya kutupiana maneno makali na wenye kazi zao maalumu katika mazishi ya wenzao. Ndugu wa kuchanjiana na mtani wanafanana kwa jambo moja, nalo ndilo linalobebwa na undugu wa miji: hakuna anayelazimika kwanza kukubaliana na mwenzake kuhusu nani alikosea. Wajibu huja kwanza, na mazungumzo kuhusu yaliyopita hufuata baada ya watu kuzoeana.

Mfano ulio wazi kuliko yote ninayoifahamu ni wa mji wa Coventry, Uingereza. Usiku wa tarehe 14 Novemba 1940 ndege za Ujerumani ziliuangamiza mji huo, kanisa lake kuu likabaki kuta. Miaka michache baadaye wanawake wa Coventry walitarizi majina yao, yapatayo 830, kwenye kitambaa cha meza na kukipeleka Stalingrad, mji wa Muungano wa Kisovieti, dola ya zamani iliyoongozwa na Urusi, uliokuwa umebomolewa na Wajerumani haohao, na mwaka 1944 miji hiyo miwili ikafunga undugu. Wakati huo nchi zao zilikuwa washirika wa vita, kwa hiyo jambo lenyewe halikuwa gumu sana. Ugumu ulikuja baada ya vita, pale Uingereza na Muungano wa Kisovieti zilipokuwa mahasimu kwa zaidi ya miaka 40, na undugu ule ukaendelea huku kila upande ukielekeza makombora yake kwa mwingine.

Kisha Coventry ikafanya jambo zito zaidi. Mwaka 1959 ilifunga undugu na Dresden, mji wa Ujerumani ambao ndege za Uingereza na Marekani ziliuteketeza mwezi Februari 1945. Dresden ilikuwa Ujerumani Mashariki, dola ambayo Uingereza haikuitambua rasmi hadi mwaka 1973. Maana yake ni kwamba kwa miaka 14 watu wa Coventry walikuwa na ndugu katika nchi ambayo, kwa mujibu wa serikali yao, haikuwepo. Mwaka 1965 vijana kutoka Uingereza walikwenda Dresden kusaidia kuijenga upya hospitali iliyobomolewa na mabomu ya nchi yao wenyewe. Kila nikifikiria kazi hiyo ya kubeba matofali huona kwamba imeifafanua dhana hii kuliko hati yoyote iliyotiwa saini, kwa sababu mgonjwa aliyelazwa baadaye katika hospitali hiyo hakuhitaji kuelezwa maana ya upatanisho.

Ufaransa na Ujerumani zina mifano mingi zaidi. Leo miji na vijiji vilivyofungana undugu kati ya nchi hizo mbili vinazidi jozi 2,000. Mawasiliano ya kwanza yalianza mwaka 1950 kati ya Montbéliard ya Ufaransa na Ludwigsburg ya Ujerumani, miaka 5 tu baada ya vita na miaka 13 kabla ya serikali zao kutia saini mkataba wa urafiki mwezi Januari 1963. Meya wa Montbéliard aliyekubali jambo hilo, Lucien Tharradin, alikuwa amefungwa na Wajerumani katika kambi ya mateso ya Buchenwald. Hakuna aliyeweza kumwambia kwamba hajui ubaya wa jirani yake. Hapo kuna funzo kwa yeyote anayetafuta mtu wa kuanzisha kazi hii: katika jamii iliyoumia, mkono wa kwanza hunyooshwa vizuri zaidi na mtu ambaye kila mmoja anajua kwamba ameumia pia.

Kwa nini mji uweze pale taifa linaposhindwa? Sababu kubwa ni kwamba mji hauna mamlaka ya kutambua au kutotambua dola nyingine. Katika Katiba yetu ya mwaka 2010, Jedwali la Nne limeyaweka mambo ya nje na sera za nje mikononi mwa serikali ya kitaifa. Gavana na bodi ya jiji hawawezi kujadili mipaka, hata wakitaka. Wengi huuona huo kuwa udhaifu, lakini kwa kazi hii ni nguvu, maana meya anapokutana na meya mwenzake hakuna atakayesema kwamba amesalimisha ardhi au amekubali dai la upande wa pili. Wanachoweza kuzungumza ni maji, takataka, shule, soko na zahanati. Nicosia, mji mkuu wa Cyprus, ulianza kugawanyika miaka ya 1960 na ukakatwa kabisa na vita vya mwaka 1974, lakini mabomba ya maji taka yaliyo chini ya ardhi hayakujua mstari huo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 viongozi wa pande mbili za mji, Lellos Demetriades wa upande wa Wagiriki na Mustafa Akıncı wa upande wa Waturuki, walikubaliana kuujenga na kuuendesha pamoja mfumo mmoja wa maji taka, ilhali pande zao hazikuwa zimepatana juu ya jambo lolote kubwa. Huo haukuwa undugu wa miji miwili, kwa kuwa mji ulikuwa mmoja, ila mantiki yake ni ileile.

Kuujenga undugu wa namna hii huanza na watu wachache wanaojuana, na hapo ndipo kazi nyingi huharibika, kwa kuwa viongozi hupenda kuanza na saini. Ni afadhali walimu wawili waandikiane kwa mwaka mzima, au wauguzi wa hospitali mbili wabadilishane maarifa ya kutibu malaria, kabla hati yoyote haijaandikwa. Hati ikija, iwe na wahusika wawili katika kila mji: ofisi ya jiji, ambayo ndiyo yenye uwezo wa kuomba viza na kupata kibali cha wizara, na kamati ya wakazi isiyokuwa ya ofisi hiyo, yenye walimu, wafanyabiashara, viongozi wa dini na vijana. Kamati ndiyo uti wa mgongo. Gavana hubadilika kila baada ya uchaguzi, na anayemfuata mara nyingi hataki kuendeleza jina la aliyemtangulia, lakini kamati hubaki. Seattle na Tashkent zilifunga undugu mwaka 1973, wa kwanza kati ya mji wa Marekani na mji wa Kisovieti, na mwaka 1988 Wamarekani wa kujitolea walisaidia kutengeneza bustani ya amani huko Tashkent, iliyopambwa kwa vigae vilivyochorwa na watoto. Miaka mitatu baadaye Muungano wa Kisovieti ulisambaratika na Tashkent ikawa mji mkuu wa nchi huru ya Uzbekistan. Undugu haukufa pamoja na dola iliyouruhusu.

Undugu huu huvunjika pia, na haifai kuuficha ukweli huo. Mji wa Osaka, Japani, uliuvunja wake na San Francisco ya Marekani mwaka 2018, baada ya miaka zaidi ya 60, kwa sababu ya sanamu ya kuwakumbuka wanawake waliodhulumiwa na jeshi la Japani wakati wa vita. Nanjing ya China ilisimamisha mahusiano yake na Nagoya ya Japani mwaka 2012 baada ya meya wa Nagoya kukana hadharani mauaji yaliyofanywa na jeshi la Japani huko Nanjing mwaka 1937. Mapatano ya Prague na Beijing yalivunjika mwaka 2019 kwa ajili ya kifungu kilichoitaka Prague ikiri kwamba Taiwan ni sehemu ya China. Nikiyatazama haya naona makosa ya aina mbili. Prague ilikuwa imekubali kuingiza siasa za mataifa katika hati ya mji, na hivyo ikaupoteza ule uhuru wa mji wa kutokuwa na la kusema juu ya madai ya mataifa. Nagoya ilikosa kwa njia nyingine kabisa: kutolazimika kukubaliana kuhusu yaliyopita si ruhusa ya kukana makaburi ya ndugu yako. Mtani hutania mengi, lakini hatanii msiba.

Baada ya Urusi kuivamia Ukraine mwezi Februari 2022, miji kadhaa ya Marekani na Ulaya ilisimamisha undugu wake na miji ya Urusi, Chicago na Moscow ikiwa mojawapo ya jozi hizo. Shirika la Marekani linaloratibu miji dada, ambalo chimbuko lake ni wito wa Rais Eisenhower wa mwaka 1956, liliiomba miji isifanye hivyo. Naelewa hasira ya waliosimamisha, na sidhani mtu yeyote anapaswa kupiga picha akicheka na meya anayeshangilia vita. Hata hivyo kuna njia ya kati ambayo haikutumiwa vya kutosha, nayo ni kufunga mlango wa sherehe huku mlango wa walimu, wauguzi na wanafunzi ukiachwa wazi.

Kwetu, dhana hii ina kazi. Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya eneo la Ziwa Victoria, na magugumaji yanayoziba gati ya Kisumu husukumwa na upepo bila kujali bendera. Wavuvi wetu hukamatwa wakidaiwa kuvuka mpaka usioonekana majini, na kisiwa cha Migingo, kipande cha jiwe tu, kimewahi kuzifikisha Kenya na Uganda kwenye maneno makali. Leo nchi zetu hazijafarakana, na kwa hiyo huu ndio wakati wa kufunga undugu kati ya Kisumu na Mwanza, au Homa Bay na Musoma, au kati ya Busia zetu mbili ambazo tayari zina jina moja. Ningependa hati hizo ziwe na kifungu cha siku mbaya. Kifungu hicho kitamke kwamba mpaka ukifungwa, kamati mbili zitaendelea kupigiana simu kwa siku iliyowekwa kila mwezi. Kwamba mvuvi wa upande mmoja akikamatwa upande wa pili, kamati ya huko itamtembelea rumande na kupeleka habari kwao. Na kwamba mwanafunzi aliyekutwa na mfarakano huo akiwa katika mji mwenzi atabaki kwa familia iliyompokea hadi njia itakapofunguliwa.