Cornelis Lely: Mhandisi Aliyeingia Serikalini na Ramani Yake

Kila mwaka ninapofika kwenye mada ya kuta za bahari, hakosekani mwanafunzi wa kuuliza kwa nini somo la uhandisi wa maji linaanza na habari za waziri. Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba ukuta wa kilomita 32 katikati ya maji hauishii kwenye karatasi ya michoro. Unahitaji sheria, fedha na wabunge waliokubali. Huko Uholanzi, aliyechora na aliyeomba kura alikuwa mtu mmoja, Cornelis Lely.

Alizaliwa Amsterdam tarehe 23 Septemba 1854, akasomea uhandisi Delft na kuhitimu 1875. Enzi hizo moyo wa Uholanzi ulikuwa ghuba kubwa ya maji ya chumvi iliyoitwa Zuiderzee, yaani Bahari ya Kusini, iliyofunguka upande wa kaskazini. Ghuba hiyo iliwalisha wavuvi wengi, na pia iliwatia hofu. Tufani ya kaskazini-magharibi ilipoangukia wakati wa maji kujaa, bahari ilisukumwa ndani kama maji yanayomiminwa kwenye chupa, ikapanda na kuvuka matuta ya udongo yaliyolinda vijiji na malisho. Wazo la kuifunga lilikuwapo tangu karne ya 17, ila vyombo vya kuifanya kazi hiyo havikuwapo.

Mwaka 1886 kiliundwa chama cha kushinikiza ghuba ifungwe, nacho kikamwajiri Lely, kijana wa miaka 31 au 32, afanye utafiti. Hapa ndipo ninapopenda kukaa na wanafunzi. Waliomtangulia walitaka kukausha eneo kubwa kadiri iwezekanavyo. Lely alianza kwa kuuliza kuna nini chini ya maji. Sehemu nyingine sakafu ya ghuba ilikuwa udongo wa mfinyanzi unaofaa kilimo, nyingine ilikuwa mchanga mtupu. Na zaidi ya hayo kulikuwa na mto IJssel, ambao ungeendelea kumwaga maji yake humo hata baada ya ukuta kujengwa. Ukikausha kila kitu, mto uende wapi?

Mpango alioukamilisha 1891 ulijibu maswali yote mawili kwa pamoja. Kwanza ujengwe ukuta mmoja wa kufunga mdomo wa ghuba. Kisha ardhi yenye udongo mzuri izungushiwe matuta kipande kwa kipande na kukaushwa kwa pampu. Mashamba ya namna hiyo Waholanzi huyaita polda. Katikati libaki ziwa. Mto ungelijaza ziwa hilo kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, na kwenye ukuta mkuu yangewekwa malango ya kufunguliwa bahari inapokupwa, ili maji ya ziada yatoke yenyewe bila pampu. Hesabu yake ni nyepesi kueleweka, na nadhani ndiyo sababu iliweza kutetewa mbele ya watu wasio wahandisi.

Mwaka huohuo wa 1891 akateuliwa waziri wa ujenzi wa maji, biashara na viwanda. Ungetarajia angeupeleka mpango wake bungeni mara moja. Hakufanya hivyo. Aliunda tume ya serikali iuchunguze mpango wa waziri mwenyewe, na tume ikaukubali 1894. Mwaka huo serikali ikaanguka kwa mgogoro wa haki ya kupiga kura, jambo lisilohusiana kabisa na bahari. Akarudi uwaziri 1897. Safari hii aliwasilisha muswada, lakini mwaka 1901, dakika za mwisho za serikali yake, na waliofuata wakauondoa.

Isidhaniwe alikaa bure. Katika awamu hiyo ya pili alipitisha sheria ya 1901 iliyowapa wafanyakazi wa viwanda bima ya lazima dhidi ya ajali kazini. Baraza la juu la bunge lilikuwa limeikataa mara ya kwanza, akairekebisha na kuirudisha. Ni katika awamu hiyohiyo ambapo serikali iliamua kuchimba yenyewe makaa ya mawe ya mkoa wa Limburg.

Kutoka 1902 hadi 1905 alikuwa gavana wa Suriname, koloni la Uholanzi huko Amerika ya Kusini. Alianzisha reli kutoka Paramaribo kuelekea machimbo ya dhahabu ya Lawa. Dhahabu haikutosheleza matarajio, na reli haikufika Lawa. Wanaomwandikia sifa huipita haraka sura hii. Mimi huwa naitaja, maana inaonyesha kwamba mtu huyuhuyu aliyepima sakafu ya bahari kwa uangalifu aliweza pia kuitumia fedha ya umma kufuata tumaini.

Mwaka 1913 aliitwa uwaziri mara ya tatu, na sasa mambo yalikuwa mengine. Hotuba ya Malkia Wilhelmina ya kufungua bunge ilitamka kwamba wakati wa kuifunga Zuiderzee umewadia. Halafu, usiku wa tarehe 13 kuamkia 14 Januari 1916, tufani ikavunja matuta kuizunguka ghuba. Katika kisiwa kidogo cha Marken peke yake walikufa watu 16. Juu ya hayo, Vita Kuu ya Kwanza ilileta uhaba wa chakula hata kwa Uholanzi, ambayo haikupigana, na hoja ya kupata mashamba mapya haikuhitaji tena kuelezwa. Sheria ilipita tarehe 14 Juni 1918. Mpango ulikuwa umesubiri miaka 27.

Kazi ilianza 1920. Swali gumu lilikuwa ukuta utabadilishaje kujaa na kupwa kwa maji upande wa nje, na likakabidhiwa tume ya Hendrik Lorentz, mwanafizikia aliyekuwa tayari na Tuzo ya Nobel. Hesabu zake, zilizotolewa 1926, zilisaidia kuamua kimo cha ukuta, na ncha yake upande wa mkoa wa Friesland ikahamishwa kutoka pale alipopachora Lely.

Lely alifariki The Hague tarehe 22 Januari 1929. Pengo la mwisho lilizibwa tarehe 28 Mei 1932. Maji yakageuka baridi, dagaa na samaki wengine wa chumvi wakatoweka, na wavuvi wengi wakaishiwa na kazi, ingawa kulikuwa na sheria ya 1925 ya kuwasaidia. Kati ya 1930 na 1968 polda nne zilitoka majini, jumla hekta 165,000 hivi. Mji wa Lelystad ulio kwenye mojawapo umepewa jina lake, na mkoa wa Flevoland, ulio juu ya polda tatu kati ya hizo, una zaidi ya watu 400,000.

Polda ya tano, Markerwaard, haikutengenezwa. Tuta lake la kaskazini lilimalizika 1975, kisha mjadala ukaendelea kwa miaka, wengi wakiona ziwa lina faida kuliko shamba jingine. Tuta hilo leo ni barabara kati ya Enkhuizen na Lelystad, na anayepita juu yake huona maji kulia na kushoto.