Jiji Kupinga Muswada Si Jiji Kukataa Sheria

"Jiji letu limekataa sheria ya jimbo." Nimeisikia tena juzi, na aliyesema anaishi California miaka mingi. Waliokuwepo wakaitikia, habari ikaendelea kusambaa hivyo hivyo.

Kilichotolewa hasa ni msimamo, na maana yake ni fupi. Msimamo wa jiji ni kauli rasmi ya baraza la madiwani kuhusu muswada ulioko mbele ya bunge la jimbo: tunaunga mkono, tunapinga, tunapinga mpaka urekebishwe, au tunaufuatilia tu. Kwa upande wa fedha, mara nyingi ugomvi ni juu ya kodi ya mauzo, mgawo wa kodi ya ardhi na majengo, pensheni za watumishi, au kazi mpya ambayo jimbo linalitwika jiji bila kutoa pesa za kuifanyia.

Shida yangu ni hilo neno "sheria". Kinachopingwa ni muswada, na muswada ni neno linalojieleza lenyewe. Limetoka kwenye Kiarabu, musawwada, na mzizi wake ni weusi: karatasi iliyojaa wino, yenye mistari iliyokatwa na maneno yaliyochomekwa pembeni. Nakala iliyosafishwa Waarabu waliiita mubayyada, kutokana na weupe. Sisi tulichukua ile nyeusi tu, na tumeitunza vizuri: mwandishi wa riwaya bado anampelekea mchapishaji muswada, akijua utarudi umechorwachorwa. Wa bungeni ni huo huo. Bado unafutika.

Ndiyo maana msimamo una kazi. Ni barua yenye nembo ya jiji na sahihi ya meya, juu yake namba ya muswada, AB ukiwa umeanzia Assembly, baraza la chini la bunge la jimbo, SB ukiwa wa Seneti, baraza la juu, kisha neno moja: Tunapinga. Siku kamati ya bunge inapousikiliza muswada kule Sacramento, mji mkuu wa jimbo, mashahidi wakuu wakishamaliza, wengine hupanga foleni kwenye maikrofoni. Kila mmoja anataja jina, anakotoka na msimamo, basi, anampisha anayefuata. Kuna wanaosafiri saa nyingi kwa sentensi hiyo moja, na mimi nawaheshimu sana, kwa sababu muswada ukishapita na gavana akautia sahihi, foleni hiyo haipo tena.

Miji ya California inalijua hilo kwa uchungu. Mwaka 1978 wapiga kura walipitisha Proposition 13, pendekezo lililopigiwa kura na wananchi wenyewe, kodi ya ardhi na majengo ikawekewa ukomo wa 1% ya thamani iliyokadiriwa, na mamlaka ya kuigawa yakaangukia bunge la jimbo. Bajeti ya jimbo ilipoyumba mwanzoni mwa miaka ya 1990, bunge likahamisha sehemu ya kodi hiyo kutoka kwa miji na kaunti, likaipeleka kwenye shule ili kujipunguzia mzigo wake lenyewe. Miji ilipiga kelele, na fedha zikaenda. Ulinzi wa maana ulikuja 2004, wapiga kura walipoibadili katiba ya jimbo kwa Proposition 1A. Barua za mameya peke yake zisingefika huko.

Na sheria ikishapita, jiji haliikatai kwa kura ya madiwani: Mahakama Kuu ya Marekani ilishasema mwaka 1907, katika kesi ya Hunter dhidi ya Pittsburgh, kwamba mji ni chombo cha jimbo. California imeipa miji yenye hati zake za kujiendesha, yaani charter, nafasi zaidi katika mambo yake ya ndani, na jiji la namna hiyo linaweza kwenda mahakamani kudai kwamba sheria fulani hailihusu. Lakini hiyo inaitwa kesi.

Kwa hiyo, ndugu yangu, madiwani wakipiga kura Jumanne usiku juu ya muswada wa Sacramento, sema jiji limepinga muswada. Jirani yako akisikia "limekataa sheria" atadhani mambo yamekwisha, wala hatampigia simu mbunge wake wa jimbo, na huenda kura ya kamati ni wiki ijayo.