Umeanza Linux? Isome kompyuta inapokujibu

Ujumbe ninaoupokea mara nyingi kuliko wote kutoka kwa watu walioanza jana kutumia Linux, mfumo endeshi wa kompyuta kama ilivyo Windows, ni huu: "Kibodi imegoma. Inaniomba nenosiri, naandika, hakuna kinachotokea." Kibodi haijagoma. Amri ya `sudo`, inayokupa mamlaka ya msimamizi kwa muda, inapokuomba nenosiri kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri), distro nyingi, yaani matoleo mbalimbali ya Linux, hazionyeshi herufi wala vinyota, ili anayechungulia nyuma yako asijue hata nenosiri lako lina urefu gani. Liandike lote, bonyeza Enter, kazi itaendelea. Linux Mint huonyesha vinyota, Ubuntu 24.04 haionyeshi kitu. Ni jambo la nusu dakika, lakini nimeona watu wakifunga kompyuta kwa sababu yake na wasirudi tena.

Nimeanza na hilo makusudi. Katika muda wote niliofundisha watu Linux, kilichowakwamisha mara nyingi si ugumu wa mfumo, ni mazoea ya kubofya "Sawa" bila kusoma. Linux huongea. Hata ikinyamaza, ina maana yake. Anayesoma inachosema, hata akilazimika kushika kamusi mkononi, anafika.

Linux yenyewe, tukisema kwa usahihi, ni kerneli: kiini cha mfumo, kile kinachogawa kumbukumbu, kinachowasiliana na diski, kibodi na kadi ya mtandao, na kuamua programu ipi ipewe prosesa sasa hivi. Linus Torvalds alianza kuiandika akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini, na tarehe 25 Agosti 1991 akatangaza kwamba anatengeneza mfumo endeshi huru, kwa kujifurahisha tu, wala hautakuwa mkubwa kama GNU. GNU ulikuwa mradi wa Richard Stallman uliotangazwa mwaka 1983. Ulishakuwa na zana nyingi ila haukuwa na kerneli iliyokamilika. Mwaka 1992 Torvalds akaiweka kazi yake chini ya leseni ya GPL, na hapo mlango ukafunguka: yeyote anaruhusiwa kuichukua, kuibadili na kuigawa, mradi anapoigawa atoe na msimbo wake kwa masharti yaleyale. Ndiyo maana leo kuna Linux nyingi. Kila kikundi huchukua kerneli, kikaongeza zana, madirisha na kivinjari, kikavifungasha pamoja. Kifurushi hicho ndicho tunachokiita distro. Simu yako ikiwa ya Android, kerneli hiyo unayo mfukoni. Na tangu Novemba 2017, kompyuta zote 500 za orodha ya TOP500, zile zenye nguvu kuliko zote duniani, zinaendeshwa na Linux.

Sasa, distro ipi? Hapa wengi hupoteza wiki nzima wakilinganisha, na ni wiki ya bure. Chukua Linux Mint au Ubuntu, basi. Debian, Fedora na Arch ni kazi nzuri za watu makini, na muda wa kuzijua utakuja. Ubuntu ilitoka Oktoba 2004 ikiwa imejengwa juu ya Debian, Mint ikafuata 2006 juu ya Ubuntu, kwa hiyo maelezo ya moja mara nyingi yanakufaa kwenye nyingine. (Jina Ubuntu limetoka katika lugha za Kinguni, na ni ndugu wa damu wa neno letu "utu". Kila nikiliona kwenye skrini hunifurahisha.) Ukichagua Ubuntu, chukua toleo lenye herufi LTS: hutoka kila baada ya miaka miwili na hupata marekebisho ya usalama kwa miaka mitano. Anayetoka Windows mimi humpa Mint, kwa kuwa menyu ataikuta kona ya chini kushoto, palepale alipozoea. RAM ya GB 4 inatosha kuanzia. Kompyuta ikiwa dhaifu zaidi, lipo toleo la Mint lenye mazingira ya madirisha yaitwayo Xfce, ambalo ni jepesi. Wengi wanaokuja siku hizi wana kompyuta ambazo Windows 11 imezikataa kwa kukosa TPM 2.0 (chipu ya usalama) au prosesa inayotakiwa, na Windows 10 nayo ilikoma kupata huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta hizo si mbovu. Zina miaka ya kazi mbele yake.

Siku ya kwanza usisakinishe chochote. Pakua faili la ISO, lenye mfumo mzima ndani yake, kutoka tovuti ya distro yenyewe (la Mint ni karibu GB 3), tafuta flashi ya GB 8 ambayo huna haja na kilichomo, kwa sababu kitafutwa chote, kisha andika ISO hiyo kwa programu kama Rufus au balenaEtcher. Ukiinakili ISO kama unavyonakili picha, kompyuta haitawaka kutoka kwenye flashi hiyo. Zima, washa huku ukigonga F12, au F2, F9, Esc, kutegemea aliyeitengeneza, uchague flashi kwenye orodha itakayotokea. Baada ya dakika moja au mbili utakuwa ndani ya Linux kamili inayoishi kwenye flashi na RAM. Diski yako haijaguswa.

Kaa humo jioni mbili. Itakuwa nzito kidogo kwa sababu flashi ina kasi ndogo. Usiihukumu kwa hilo. Kazi yako ni kuijaribu mashine. Wi-Fi inashika? Sauti inatoka kwenye spika na kwenye visikizio pia? Kamera, vitufe vya mwanga wa skrini, printa? Na jaribio ambalo watu hulisahau: funga kifuniko, subiri dakika tano, fungua. Kompyuta inayolala isiamke ni kero ya kila siku, na ni bora uijue kabla ya kuhamia. Kwenye Wi-Fi ndiko mambo hukwama zaidi, maana kadi nyingine huhitaji kiendeshi (driver, programu inayoiwezesha kadi kufanya kazi) ambacho hakimo ndani ya ISO. Ikikugomea, unganisha simu kwa waya wa USB, washa huduma ya kugawa intaneti, na mara nyingi Linux itaiona simu kama kadi ya mtandao wa waya. Ukishapata mtandao, fungua kidhibiti cha viendeshi cha Mint kikutafutie kinachokosekana.

Mambo yakikaa vizuri, ndipo usakinishe. Kabla ya hapo weka nakala ya kila unachokipenda kwenye diski ya nje, uichomoe kabisa. Kama Windows yako imefungwa kwa BitLocker, kufuli lake la diski, tafuta kwanza ule ufunguo wa tarakimu 48, kwa sababu kubadili mpangilio wa kuwasha kunaweza kuifanya Windows ikuulize. Na kisakinishi kinapofika kwenye swali la diski, ondoa mkono kwenye kipanya, usome. Chaguo la kufuta diski linafuta diski: Windows, picha, kila kitu. Chaguo la kusakinisha kando ya Windows linagawa nafasi na kuiacha Windows mahali pake. Kwenye hatua zote nyingine ukikosea utarekebisha baadaye. Kwenye hii hapana.

Ukishaingia, utatafuta C: na hutaiona. Kwenye Linux kila kitu kinatoka kwenye shina moja, linaloandikwa kwa mkwaju tu: `/`. Vitu vyako viko `/home/` likifuatiwa na jina lako. Flashi unayochomeka huonekana chini ya `/media`. Kuhusu programu, acha desturi ya kuzunguka mitandaoni ukipakua visakinishi. Fungua ghala la programu lililokuja na distro, tafuta VLC, GIMP, chochote, bofya. Zilizomo zimetiwa sahihi ya kidijitali na distro, na zote husasishwa kwa mkupuo mmoja pamoja na mfumo. Hili peke yake huwaepusha wanaoanza na virusi kuliko programu yoyote ya kupambana navyo.

Sasa terminali. Unaweza kuishi bila kuigusa kwa miezi. Mimi nakushauri uifungue wiki ya kwanza, kwa utulivu, siku ambayo hakuna kilichoharibika. Utaona mstari kama huu:

`mimi@kompyuta:~$`

Usome kama anwani. Mimi, kwenye mashine iitwayo kompyuta, nipo nyumbani (hiyo `~` ni kifupi cha folda yako), na alama ya `$` inasema ni mtumiaji wa kawaida. Ukiona `#`, umekuwa mwenye mamlaka yote, kaa chonjo. Andika `pwd` ikuambie upo wapi, `ls` ikuonyeshe vilivyopo. Sasa jaribu kuingia kwenye folda ya vitu ulivyopakua:

`cd downloads`

Itakujibu:

`bash: cd: downloads: No such file or directory`

Wengi hapa huona ukuta wa Kiingereza na moyo unadunda. Ukate kwenye nukta mbili. Anayeongea ni bash, ile programu inayopokea amri zako. Alikuwa akifanya nini? `cd`, kuhama folda. Kwa kitu gani? `downloads`. Tatizo? Hakuna faili wala folda ya jina hilo. Rudi juu kwenye jibu la `ls`: folda inaitwa Downloads, kwa D kubwa. Kwa Linux, hayo ni majina mawili tofauti kama Juma na Jumaa. Umelitatua mwenyewe, bila kumuuliza mtu, na makosa mengi utakayokutana nayo yana muundo huohuo: nani, akifanya nini, kwa kitu gani, kimeshindikana nini. Ili usikosee herufi tena, andika `cd Do` kisha bonyeza Tab mara mbili. Itakuonyesha majina yanayoanza hivyo, na ukiongeza `w` na kubonyeza Tab tena italimalizia yenyewe.

Wakati mwingine jibu linabeba na dawa. Kwenye Ubuntu andika `htop`, programu ya kuonyesha kinachoendelea ndani ya kompyuta, kabla hujaisakinisha, nayo itasema haipo, kisha ikuandikie amri yenyewe ya kuisakinisha. Ukiandika `apt install htop` (`apt` ndiyo amri ya kusakinisha programu) bila `sudo`, italalamika na kumalizia kwa swali: `are you root?` Inakuuliza kama wewe ndiye mwenye mamlaka. Weka `sudo` mbele, toa nenosiri, yameisha. Na siku ikikuambia kuna programu nyingine imeshika kufuli, `It is held by process`, utakuta mtu anakushauri ulifute faili la kufuli. Usilifute. Mara nyingi ni mfumo unajisasisha kimyakimya. Ukiukatiza katikati unaweza kuuacha nusu mpya nusu wa zamani. Subiri dakika kumi.

Kuna kimya kimoja lazima nikuonye juu yake. Miaka ya mwanzo nilitaka kufuta folda zote zinazoanza na neno zamani ndani ya folda yangu ya kazi. Nilipaswa kuandika `rm -rf zamani*` (`rm` hufuta, `-r` hujumuisha folda na vilivyomo, `-f` huizuia kuuliza na kulalamika). Niliandika:

`rm -rf zamani *`

Tazama ile nafasi kabla ya nyota. Nyota ikiwa peke yake inamaanisha kila kitu kilichomo, kwa hiyo bash ilisoma: futa zamani, halafu futa kila kitu. Haikuuliza. `rm` haipeleki chochote kwenye pipa la taka, inafuta. Mstari wa amri ulirudi mtupu, kana kwamba kazi imekwenda sawa, kwa sababu kwa Linux kazi ilikuwa imekwenda sawa: nilichoamuru kilifanyika. Nilikuwa na nakala ya wiki tatu nyuma. Kazi ya wiki hizo tatu niliifanya upya. Tangu siku hiyo naandika kwanza `ls zamani*`, naangalia orodha itakayotoka, ndipo nabadili `ls` kuwa `rm -r`. Kwa anayeanza, kuna pia `rm -i`, inayouliza kabla ya kufuta kila kimoja.

Kwa sababu hiyohiyo, usibandike amri kutoka mtandaoni ambayo huwezi kueleza kila neno lake, hasa ikianza na `sudo`. Andika `man` likifuatiwa na jina la amri, upate maelezo yake palepale hata bila intaneti.

Yapo utakayoyakosa, na sitaki uyagundue baada ya kuhama. Microsoft Office ya kusakinisha haipo kwa Linux, wala Photoshop. LibreOffice hufungua nyaraka za Word na Excel, ila yenye mpangilio mzito inaweza kusogea hapa na pale. Baadhi ya michezo ya mtandaoni hukataa kabisa kwa sababu ya mifumo yake ya kuzuia udanganyifu. Kama riziki yako inategemea programu moja ya Windows, bakiza Windows kando, ukiingia Linux kwa mengine.

Leo jioni basi, washa ile flashi, fungua terminali, ukosee makusudi: andika jina la folda isiyokuwepo, andika amri ya kubuni, usome majibu kipande kwa kipande. Amri ikikwama bila kurudi, Ctrl na C huikatisha. Kunakili ndani ya terminali ni Ctrl, Shift na C. Na ukiingia kwenye ukurasa wa `man` ukakosa pa kutokea, kama inavyompata karibu kila mtu mara ya kwanza, herufi ni `q`.