Chanjo ya puani kwa nguruwe haiweki "vidude" kwenye kitimoto

Kuna meseji inarudi kila mara kwenye magrupu ya huku Kigoma, eti nguruwe wanapuliziwa puani chanjo ya mafua yenye vidude vidogo vya mawasiliano na ukila kitimoto vinahamia kwako. Jamani, sio kweli.

Hivyo vinavyoitwa vidude ni nanopatiko, chembe za nanometa mia chache tu wakati unywele mmoja una upana wa karibu nanometa 80,000, na nyingine zinatengenezwa kwa kitosani inayotoka kwenye maganda ya kamba na kaa. Kazi yake ni kubeba vipande vya kirusi au kirusi kilichokwisha uawa mpaka kwenye utando wa pua, hapo mwili unatengeneza kinga palepale mafua yanapoingilia, halafu chembe zinavunjwavunjwa na mwili. Hazina betri wala mawasiliano yoyote. Na chanjo nyingi za aina hii bado ziko kwenye utafiti.

Watu wanachanganyikiwa, naelewa, maana tunaogopa pia homa ya nguruwe, ile inayomaliza banda zima. Huo ni ugonjwa mwingine kabisa na haumpati binadamu. Mafua ya nguruwe yanaweza kumpata mtu, ila kwa kukaa karibu na mnyama anayeumwa, sio kwa nyama iliyoiva vizuri.

Ukitaka kuhakikisha muulize afisa mifugo wa kata yako, mwambie akuonyeshe lebo ya chanjo anayotumia. Meseji haina tarehe wala chanzo? Usiiforwadi, tafadhali, mfugaji wa Kasulu anakosa wateja bure.